Vidole Vyeupe Havingoji Theluji

Ndugu mwandishi, umetuambia kwamba maradhi ya mwili kujishambulia ni ya nchi za theluji, na kwamba sisi wa Salamabila, huku Kongo, tuhangaike na malaria tu. Malaria hatujaisahau. Theluji yako ndiyo haisimami.

Mwaka 1957 daktari Erasmus aliandika juu ya skleroderma, ugonjwa wa mwili kujishambulia unaokaza ngozi, kati ya wachimbaji dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Kilichowakuta ni vumbi la silika. Nasi je? Dhahabu ya Namoya, mgodi wa hapa Salamabila, imelala ndani ya kwatsi, jiwe la silika hiyo hiyo. Mama anayetwanga jiwe hilo kwenye kinu cha chuma, kitambaa puani, hurudi nyumbani kope zimekuwa nyeupe.

Na vidole vyeupe? Utando wa ndani wa mshipa wa damu hutoa gesi, oksidi ya nitriki, inayouamuru msuli wa mshipa ulegee. Skleroderma huujeruhi utando huo, amri ikafifia. Basi maji baridi ya alfajiri ya kuoshea mchanga yanatosha: mshipa unajibana, kidole kinapauka, kinaingia buluu, kisha damu inarudi kwa maumivu. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo husomeka zaidi kiganjani na chini ya kucha. Anayetazama mgongo wa mkono peke yake (wapo wengi) haoni kitu.

Eti dawa hakuna! Nifedipini, kidonge cha zamani cha presha, hulegeza mishipa hiyo kwa njia nyingine. Haiponyi skleroderma, na dozi aipange daktari, lakini hupunguza vipindi hivyo vya vidole kupauka.

Ukifika Salamabila, mwombe mama yule akugeuzie kiganja.