Kitabu cha Ubatizo na Kompyuta ya Parokia



Mwaka jana, majuma machache kabla ya Kipaimara, sisi makatekista tuliwaomba baadhi yenu kazi iliyoonekana ndogo: kupiga picha kurasa za vitabu vya ubatizo kwa simu zenu, ili majina yaingizwe katika kompyuta ya parokia. Vitabu vyenyewe vimechakaa, vimeliwa na panya na unyevu. Kazi ilifanywa kwa bidii. Mmoja wenu akapata programu ya bure inayosoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Na ili kusaidiana, picha zikatumwa katika kundi la simu la vijana. Siku tatu hazijapita, kila mtu alikuwa amekwisha kuona kwamba katika ukurasa fulani, penye jina la binti mmoja wa kwaya, mahali pa jina la baba hapakuandikwa kitu. Katika nchi iliyopita katika vita kama yetu, watu hawakosi maneno ya kujaza nafasi tupu kama ile. Binti akaacha kuja mazoezini.

Kosa lilikuwa letu. Sisi ndio tuliokitoa kitabu kabatini. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inamwagiza paroko aangalie vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu vitunzwe kwa uangalifu. Na kanuni ya 220 inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda mambo yake ya faragha. Kanuni hizo tulizijua. Hatukudhani kwamba zinahusu simu.

Tangu siku hizo tumekuwa tukilitafakari neno «bure», kwa maana ndilo lililotuponza. Programu ile ya kusoma picha haikutudai hata franka moja, lakini ilizipeleka picha katika kompyuta za watu wa mbali, kwa masharti ambayo hakuna kati yetu aliyeyasoma. Tulilipa kwa majina ya watu ambao hatukuwauliza.

Na kompyuta yenyewe je? Programu ya kuandikia iliyomo, ile ambayo kwayo tunatayarisha mafundisho juu ya amri ya saba, iliwekwa na fundi wa mtaani kwa dola chache. Leseni haikununuliwa; kufuli lilivunjwa. Tunalifahamu jibu linalotolewa daima: wenye programu ni matajiri, na parokia ni maskini. Lakini tajiri akiibiwa mihogo shambani, ameibiwa. Tena aliyevunja kufuli hatumjui, wala hatujui aliacha nini ndani ya nyumba alipotoka. Mwaka juzi virusi viliifuta orodha yote ya wachumba waliojiandaa kwa ndoa, tukaiandika upya kwa mkono, huku tukiulaumu umeme.

Lugha yetu ina bahati. Waingereza hutumia neno lilelile kwa «huru» na kwa «bure», na jambo hilo limewasumbua sana watetezi wa programu huru. Sisi tunayo maneno mawili. Mmarekani Richard Stallman, aliyefanya kazi katika chuo cha MIT, alitaka kuirekebisha programu ya mashine ya kuchapia ili iwape watu taarifa karatasi zinapokwama. Mtu aliyekuwa na maandishi ya ndani ya programu hiyo alimnyima, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa yeyote. Stallman akaona kwamba ahadi ya namna hiyo inamzuia mtu kumsaidia jirani yake. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL: unaweza kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kuwapa wengine nakala, hata kuziuza, lakini ukiisambaza, uwaachie wengine uhuru uleule ulioupata. Bwana huyo si mwamini, wala hafichi. Inatubidi kukiri kwamba juu ya jirani alitutangulia.

Kwetu, ambako intaneti hununuliwa kidogo kidogo, uhuru huo una faida inayoshikika. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, ikipakuliwa mara moja tu, inaweza kuhamishwa kwa flashi hadi parokia kumi, na hakuna aliyeiba. Hufungua hati zilizoandikwa kwa programu nyingine, na huweza kuifunga hati kwa neno la siri. Tusiisifu kupita kiasi: kalenda yetu ya mafundisho, iliyokuwa na majedwali mazuri, ilifunguka ikiwa imevurugika, na mmoja wetu alipoteza alasiri nzima akiinyoosha. Wengine watasema kwamba maofisini wanataka watu waliozoea ile nyingine. Ni kweli mara nyingi. Lakini aliyejifunza kuandika barua na kupanga hesabu katika moja hashindwi na ya pili.

Wala tusidanganyane: hakuna programu, iwe huru au isiwe huru, ambayo ingeizuia picha ile kutumwa. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu mwaka 2023, inayolinda habari za watu binafsi, nayo pia haikuwa mlangoni siku ile. Mlangoni tulikuwa sisi. Kwa hiyo tumemwomba Padri paroko akubali haya: kitabu kisitoke ofisini, majina yaandikwe na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akichapa, simu zikiwa zimeachwa nje, hati ifungwe kwa neno la siri, na nakala yake iwe katika flashi inayokaa kabatini pamoja na vitabu. Programu iliyovunjwa kufuli itaondolewa. Tunawahitaji wanne kati yenu walio tayari kwa kazi hiyo ya polepole, Jumamosi baada ya mafundisho.

Kwa binti yule tumekwenda nyumbani mara mbili kuomba msamaha. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili mama yake alitupa viti, akatuuliza kama picha zile zimefutwa katika simu zote. Hatukuweza kumjibu kwamba ndiyo. Wewe unayesoma haya, kama bado unayo, ifute leo.