Programu ikizimika kwenye majaribio, usizime kipimo

Kuna tabia imeingia kwa sisi vijana tunaounda programu huku Kericho na Bomet, na lazima tuiseme. Programu ikianza kuzimika yenyewe wakati wa majaribio, mtu anazima chombo cha kupima, maonyesho yanapita, mteja analipa. Hiyo si kurekebisha, ni kuficha.

Fikiria programu ya mizani ya chai. Mkulima akifika kituoni, majani yake yanapimwa na anapewa risiti. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka vinatoka kwa kilo hizo. Programu ikizimika kabla ya kuhifadhi rekodi, jasho la mtu limepotea. Na imani kwa mashine huku kwetu ni haba: Mei 2023 watu waliteketeza mashine za kuchuna chai hapa Kericho, wakisema zinawanyang'anya kazi.

Chanzo kimoja kinachosumbua sana ni wagawaji wawili wa memori ndani ya programu moja. Programu huomba memori kwa mgawaji: labda malloc ya mfumo wenyewe, labda jemalloc. Kila mgawaji ana daftari lake. Ukichukua memori kwa mmoja ukairudisha kwa mwingine, ni kama kupeleka risiti ya kituo chako kwa karani wa kituo kingine. Karani atakwambia tu hakujui. Programu yenyewe inakufa papo hapo, ama inavuruga daftari na kufa baadaye, mahali pasipo na kosa lolote. Ndiyo maana watu hukesha wakitafuta pasipo.

Utasema wewe unaandika Python tu, haikuhusu. Msee, laibrari inayozungumza na mizani au printa huenda imeandikwa kwa C. Inakuhusu.

Sasa noma iko hapa: vyombo vya kupima kama AddressSanitizer huweka mgawaji wao wenyewe. Kama programu yako tayari ina jemalloc, wawili hao wanaweza kugongana, na wengi hulaumu chombo na kukitupa. Fanya kinyume: zima jemalloc wakati wa jaribio, acha chombo kifanye kazi. Mozilla hufanya hivyo na Firefox, ambayo imetumia jemalloc tangu 2008: wakiijenga kwa ajili ya AddressSanitizer, jemalloc huzimwa.

Programu ikiendelea kuzimika, sasa kosa ni lako. Soma ripoti: inaonyesha msimbo uliojaribu kurudisha memori, na mara nyingi hata ulioichukua. Suluhisho ni sheria moja: aliyetoa ndiye arudishiwe. Laibrari ikikupa memori, irudishe kwa amri ya laibrari hiyo hiyo. Halafu washa tena jemalloc na ujaribu upya, kwa sababu hiyo ndiyo programu karani atatumia, si ile ya maabara.

Hakuna hapa kinachohitaji digrii. Mimi niliacha chuo, na vyombo hivi ni vya bure kwa mwanafunzi wa Kabianga na kwa kijana wa cyber pale Litein. Kinachohitajika ni subira ya siku mbili na ujasiri wa kumwambia mteja, "Bado haiko tayari."

Mkulima hakubali mizani mbovu. Kwa nini tumuuzie programu ambayo tuliogopa kuipima?