Mvua haingoji saini: juu ya vibali vya kuta huku Baraka na Fizi

Wandugu wakaaji wa Baraka, wa Fizi-centre na wa vijiji vya kandokando ya ziwa, vijana wenzetu,

Mwezi wa tisa umeingia. Kila mutu mwenye nyumba chini ya mlima ao kando ya mto anajua maana yake. Wiki chache tu na mvua itarudi, na wale walioponea mwaka uliopita wameanza tena kuangalia udongo nyuma ya nyumba, kama umepasuka, kama umesogea. Wenye uwezo kidogo wanatafuta mawe na simenti wajenge ukuta wa kuzuia udongo. Na hapo ndipo inaanza shida ingine ambayo haitoki mbinguni: kibali.

Tuseme kitu kimoja wazi mbele ya mutu kutuwekea maneno mdomoni. Hatupingi kibali. Sheria ya kuomba ruhusa kabla ya kujenga ni ya zamani katika inchi hii, inatoka kwenye dekreti ya wakoloni ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, na mwaka 2013 wizara ikatoa arete mpya juu ya permi ya kujenga. Shabaha yake ni nzuri. Mutu mwenye ujuzi aje, aone pahali, asome plani, aseme ndiyo ao hapana, na aseme ni kwa nini. Tunachopinga ni kile kinachofanyika huku kwetu kwa jina la kibali: karatasi inauzwa, na hakuna aliyekuja kuona kitu.

Mama mmoja jirani yetu, mjane, nyumba yake iko chini ya kilima. Msimu uliopita udongo uliteremka mpaka kwa dirisha la jikoni. Akakusanya pesa ya watoto wake wote, akanunua mawe safari tatu za lori. Watu wakamwambia afuate njia ya halali, akafuata. Kwa shefu wa avenyu alitoa kitu. Kwa shefu wa karte alitoa kitu. Kwenye ofisi moja ya serikali, ambayo hatuitaji jina, akaombwa karatasi za parseli, halafu pesa ya faili, halafu pesa ya transipo ili wataalamu waje kuona kiwanja. Akatoa. Wataalamu hawakuja. Miezi miwili ikapita, akamwita fundi aanze. Siku ya tatu, ndiyo, siku ya tatu tu, wataalamu wakaonekana! Wakapiga msalaba mwekundu juu ya mawe, wakasema kazi isimame, wakataja faini. Mama akalia, wakapunguza. Hakupewa kitansi. Jioni fundi akaendelea na kazi, na msalaba mwekundu bado uko pale.

Katika safari hiyo yote, hakuna hata mmoja aliyeuliza msingi wa ule ukuta unashuka santimita ngapi.

Mimi nilisoma ujenzi, niko na diploma na sina kazi, kwa hiyo mniruhusu nieleze kwa nini swali hilo ni kubwa kuliko muhuri wote wa ofisi. Ukuta wa kuzuia udongo si kama ukuta wa nyumba. Ukuta wa nyumba unabeba uzito unaoshuka chini. Huu unasukumwa kutoka nyuma, usiku na mchana, na siku ya mvua unasukumwa mara mbili, juu udongo umekunywa maji na maji yenyewe yanasukuma pia. Kuta nyingi zinazoanguka huku kwetu zinaangushwa na maji yaliyokosa njia ya kutoka. Ndiyo maana fundi anayejua anaacha matundu chini ya ukuta, anaweka bomba ndogo, na nyuma yake anajaza mawe madogo na changarawe, si udongo ule ule wa mfinyanzi aliouchimba. Ndiyo maana ukuta wa mawe mazito unakuwa mnene chini, upana wa karibu nusu ya urefu wake ao zaidi, na unainama kidogo kuelekea mlimani. Ndiyo maana juu yake unachimbwa mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Ukijenga ukuta wa matofali wa mita mbili unusu, mwembamba, bila tundu hata moja, umejenga bwawa nyuma ya chumba cha watoto. Na karatasi yenye muhuri haitalizuia lile bwawa.

Kwa hiyo yule agenti angekuja kweli, hata kwa nusu saa, angeweza kuokoa nyumba. Angesema: mama, weka matundu hapa na hapa, shusha msingi, maji ya bati yasimwagike huku nyuma. Hiyo ndiyo kazi ambayo sheria inamwomba. Kwa kuiacha na kuchukua pesa tu, anauza usalama ambao hakuuleta.

Watatujibu kwamba watu wanajenga ovyo. Hilo neno wanalipenda sana: ujenzi wa anarki. Kila baada ya maafa linatoka, redioni, kwenye mikutano, mbele ya wafadhili. Basi tuulize, anarki ya nani? Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na haki ya mutu juu ya kiwanja inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa tu. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 389, iliahidi ordonansi ya Rais ya kupanga haki za watu kwenye ardhi za kimila. Miaka zaidi ya 40 ikapita bila ile ordonansi kutoka. Katikati ya ahadi na utimizo ndipo sisi tunaishi: tunanunua parseli kwa karatasi ya shefu na mashahidi wawili, kama baba zetu. Halafu mutu akienda kuomba kibali anaambiwa karatasi yake haitoshi. Kupata inayotosha ni safari, ni vipimo, ni pesa kuliko bei ya ukuta wenyewe. Na tangu Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, hata kujua faili ya mkoa inafuatwa wapi ni kazi.

Kwa hiyo maskini anakuwa mwenye kosa mbele ya kuweka jiwe la kwanza. Lakini anayempimia mwenzake kiwanja katika njia ya mto, na kumpa karatasi yenye kashe, huyo hatujasikia akiitwa anarki. Baraka ilipewa jina la mji. Kodi za mji zilikuja haraka. Plani ya mji, ile ramani inayobandikwa ukutani ikionyesha hapa ni njia ya maji na hapa watu wasilale, tunaomba mwenye kuiona aipige picha atutumie.

Tusidanganyane pia upande wetu. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, huko Kasaba, sekta ya Ngandja, mto ulishuka na mawe na matope juu ya watu waliolala, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ukuta wa parseli moja haungeuzuia mto ule. Wala haungezuia Mulongwe kule Uvira mwezi wa nne 2020, wala Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe tarehe 4 Mei 2023, ambako waliokufa walipita 400. Kwa pahali kama hizo dawa ni kuhamisha watu mapema, kupanda miti juu ya milima na kupanua njia ya mto, na hiyo ni kazi ya Serikali. Hata ziwa lenyewe lilipanda 2024 likaingia ndani ya nyumba za Uvira, Kalemie na Bujumbura, na ziwa ni moja. Lakini juu ya milima ya Fizi na pembeni ya vijito vya Baraka kuna mamia ya pahali padogo ambapo ukuta mmoja mzuri unatosha. Ni pale ambapo mwanainchi yuko tayari kujilipia mwenyewe, bila ONG, bila mradi. Na ni pale pale tunapomwekea mlolongo wa meza.

Tunajua jibu lingine, na hili tunaliheshimu zaidi kidogo: maagenti hawalipwi. Ni kweli. Wengi ni wale wanaoitwa «unités mpya», wanafanya kazi miaka bila mshahara, bila pikipiki, hata karatasi za ofisi wanajinunulia. Ni dhuluma na tutaisema pamoja nao siku wakitaka kuisema. Lakini deni la Kinshasa haliwezi kulipwa na mjane wa chini ya kilima. (Juu ya Kinshasa: kwa miaka mingi Banki ya Dunia ilipima vibali vya ujenzi vya Congo nzima, katika ile ripoti yake Doing Business iliyofungwa 2021, kwa kuangalia mji wa Kinshasa peke yake. Kwa hiyo kama mliwahi kusikia kwamba vibali vimerahisishwa, mjue ni wapi.)

Tunataka nini? Bei ya kibali ibandikwe mlangoni pa kila ofisi, kwa franka, pamoja na orodha ya karatasi zinazoombwa, ili mutu ajue deni lake kabla ya kuingia. Malipo yapite kwa noti na benki. Kanuni ya fedha za umma inasema anayekadiria deni si yeye anayepokea pesa, na kanuni hiyo si mapambo. Ukuta wa kuzuia udongo usiopita kimo cha mutu usiombewe sertifika: karatasi ya shefu na majirani itoshe, pamoja na agenti mmoja kuja kuona, bila malipo, na jibu litoke ndani ya siku 10. Siku hizo zikipita bila jibu, mutu ajenge. Kwa ukuta mrefu zaidi, aje injenia, na asaini kwa jina lake, ili ukianguka tujue wa kuuliza. Kama ofisi inakosa watu, vijana waliosoma ujenzi wamejaa barazani kutoka huku mpaka Uvira. Hatuombi kazi kwa mlango wa nyuma. Tunasema tuko tayari kwenda kuona viwanja msimu huu bure, pamoja na agenti, na kuandika tulichokiona.

Kwenu ninyi mnaosoma kwa simu: kama mzazi ao jirani ameombwa pesa ya kibali cha ukuta, aombe kitansi, kwa heshima, mbele ya shahidi. Akinyimwa, andikeni tarehe, kiasi na cheo cha aliyepokea, mtuletee. Majina ya walalamikaji hatutayatoa. Na msingoje sisi kwa matundu ya maji: nendeni leo nyuma ya nyumba, kama ukuta hauna tundu, mwite fundi atoboe mbele ya mvua kubwa.

Juma lijalo barua yetu itaenda kwa meya wa Baraka na kwa msimamizi wa teritware ya Fizi. Tumewapa siku 15. Zikipita, tutakaa chini mbele ya ofisi, kwa amani, baada ya kuwaarifu kwa maandishi kama kifungu cha 26 cha Katiba kinavyosema: kuarifu, si kuomba ruhusa. Nakala yenye muhuri wa kupokea tutaiweka kwenye ukurasa huu. Wakikataa kuipiga muhuri, tutaandika pia ni saa ngapi walikataa.