Bitiruti: Majani Kwanza, Kiazi Baadaye

Aghalabu mkazi wa Sumbawanga anapowapelekea jamaa zake wa Kaoze kapu la bitiruti, huzifungasha pamoja na majani yake ili zionekane mbichi. Nia ni njema, lakini kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, wenye kimo cha mita 1,800 hivi, hadi bonde la Ziwa Rukwa ni mteremko wa karibu mita 1,000, na joto huzidi kadiri ushukavyo. Njia nzima majani huendelea kunyonya maji ya kiazi. Mzigo ukifika, kiazi kimenywea.

Ubaridi wa Ufipa unaifaa sana bitiruti. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba, panda mvua zinapoelekea kwisha, mwezi wa Aprili, mradi pawepo maji ya kumwagilia. Udongo bora ni wa tuta la zamani, lile la mviringo ambalo Wafipa hulijenga kwa kufukia nyasi na kuliita ntumba, baada ya nyasi kuoza kabisa. Samadi mbichi huufanya mzizi uote vidole. Loweka mbegu usiku kucha, zifukie sentimita 2, mistari ikiachana sentimita 30. Usishangae punje moja ikitoa miche mitatu, kwani kila punje ni kishada cha mbegu. Ng'olea hata miche iachane sentimita 10; iliyong'olewa ni mboga.

Vuna baada ya siku 60 hadi 90, kiazi kikilingana na ngumi. Kikiachwa kinenepe mno huwa na nyuzinyuzi. Papo hapo kata majani, ukibakiza kikonyo cha vidole viwili, wala usiguse mkia: jeraha lolote humwaga rangi na utamu sufuriani. Pangusa udongo, usioshe. Vilivyochubuka vipikwe kwanza. Vizima vipangwe sandukuni katika mchanga wenye unyevu mdogo, visigusane, mahali penye giza na ubaridi. Sumbawanga vitakaa miezi kadhaa. Kaoze joto halina subira, basi wapelekee jamaa vya kuliwa juma moja tu.

Majani je? Yapikwe siku hiyo hiyo, kama mchicha, kwa karanga ukipenda. Nayasisitiza kwa sababu akina mama waja wazito huambiwa kwamba maji mekundu ya bitiruti huwa damu mwilini. Wekundu ule ni rangi tu. Madini ya chuma yamo zaidi katika majani ambayo wengi huyatupa, na hata hayo hayawezi kushika nafasi ya vidonge vya kliniki. Mama aliyeacha vidonge kwa kutegemea bilauri ya bitiruti avirudie leo.

Na mtoto akikojoa mkojo mwekundu baada ya chakula hicho, msikimbilie zahanati usiku. Mara nyingi hukoma baada ya siku moja au mbili. Ukiendelea, au ikiwa hakula bitiruti, hapo nendeni bila kuchelewa.