Ndege Kongwe Si Ndege Chakavu

Mpwa wangu ni mpiga picha. Kazi yake ya kila juma ni harusi na kipaimara, lakini moyo wake uko kwenye ndege. Mwaka jana alisafiri kutoka hapa Masama hadi Nairobi kutazama tamasha la ndege, akarudi na picha ambazo tulizitazama jioni nzima chini ya migomba. Mojawapo ilinishika macho. Ilikuwa ndege ndogo yenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, yameunganishwa kwa vijiti na nyaya, na rubani kichwa wazi amejifunga miwani mikubwa. Chini ya picha hiyo mpwa wangu alikuwa ameandika: “Ndege chakavu ikipaa.”

Nikamwuliza, “Mwanangu, chakavu kwa nini?”

Akanijibu, “Mjomba, si ya zamani? Ningeandikaje?”

Swali lake halijaniacha tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naamini neno lile moja lilikuwa limeiharibu picha nzuri. Naamini pia kwamba kosa si la kijana. Ni letu sisi tunaojiita wapenzi wa lugha.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya uzee. Tuna kuukuu, tuna chakavu, tuna “ya zamani”, tuna “ya kale”, na tuna kongwe. Kila moja lina mahali pake. Nguo kuukuu ni ile iliyovaliwa hadi ikachoka. Kitu chakavu kimekwisha kazi yake. Ndiyo maana anayepita na mkokoteni vijijini mwetu hutangaza kwamba ananunua vyuma chakavu. Kitu cha zamani ni cha wakati uliopita tu, hakisifiwi wala hakilaumiwi. Cha kale kiko mbali zaidi, kwenye magofu na masimulizi. Kongwe, kwa upande wake, ni neno linalobeba umri pamoja na heshima. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, tunamwita mshairi mkongwe. Sijapata kumsikia mtu akimwita mshairi chakavu.

Najua yuko atakayenipinga. Atasema kikongwe ni mtu asiyejiweza, na kwamba neno hilo nalo lina udhaifu ndani yake. Ni kweli. Lakini tazama desturi zetu: kikongwe akiingia nyumbani, vijana husimama wakampisha kiti, na akisema husikilizwa. Udhaifu wake hauondoi haki yake ya kuketi. Nguo chakavu haina haki hiyo, hugeuzwa dekio. Tofauti hiyo ndiyo ninayoipigania. Jina tunalokipa kitu hutangulia kuamua kama kitatunzwa au kitapimwa kwa kilo na kuuzwa.

Sisi wa mteremko huu tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Januari 1930, rubani na mpiga picha wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliuruka mlima wetu kwa ndege aina ya Fokker yenye injini tatu, akaipiga picha Kibo kutoka juu. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa mwaka huohuo. Picha zake leo zimehifadhiwa kwenye maktaba ya chuo kikuu cha ETH, mjini Zürich, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Nimezitazama mara nyingi. Theluji ni nyingi kuliko ninayoiona mimi leo nikitoka mlangoni asubuhi, na shimo la kilele linaonekana kama jicho lililofumbuliwa. Picha hizo ni urithi wetu pia, ila maelezo yake ni ya Kijerumani. Aliyeruka aliandika kwa lugha yake, wala hana lawama. Anayepiga picha ndiye anayeipa jina.

Hapa pana jambo linalonigusa kama mpenzi wa lugha. Mwezi huohuo wa Januari 1930 ndipo ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyopewa jukumu la kusanifisha Kiswahili. Ndege ilipokuwa ikizunguka Kibo, lugha yetu ilikuwa mezani ikipangiwa tahajia na kamusi. Shaaban Robert alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Lugha hii na safari za anga katika nchi hii zimekua pamoja, na hatuna sababu ya kuiona ndege kama mgeni asiye na jina kwetu.

Majina yenyewe yanathibitisha hivyo. Wazee wetu hawakuhangaika sana. Walikiona chombo kinachoruka, wakakiita ndege, kisha sarufi ikamaliza kazi kwa utaratibu: ndege mwenye uhai ameruka, ndege ya chuma imeruka. Kiambishi kimoja tu, na viumbe viwili vikatengana. Rubani tulimtoa baharini, alikokuwa akiongoza vyombo kabla ya kupandishwa angani. Rafadha nayo ilisukuma meli kabla ya kusukuma ndege. Lugha iliyofanya hayo haishindwi kuipa jina ndege ya mabawa mawili mawili. Mimi napendekeza ndege ya mabawa pacha. Mwenye jina bora na alilete, tulijadili, kisha tulifikishe BAKITA. Ninachokataa ni picha kubaki bila jina, au kubandikwa jina la dharau.

Mpwa wangu amenifundisha jambo jingine kuhusu picha hizi, nami nalileta hapa kwa kuwa linawahusu washairi. Anasema ndege ya rafadha haipigwi picha kwa kasi kubwa. Kamera ikifunguka na kufungwa kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini ya hapo, rafadha huonekana imesimama tuli, na ndege huwa kama mwanasesere aliyetundikwa kwa uzi. Inambidi apunguze kasi hadi kama sehemu ya mia moja na ishirini na tano, kisha aifuate ndege kwa mwili wake wote, kiuno kikizunguka taratibu, ili ndege itoke kali na rafadha ibaki ukungu wa duara. Picha nyingi huharibika. Katika mia moja hupata tano au sita. Lakini hizo chache zina uhai, kwa sababu zimekubali kwamba kitu kinachokwenda hakiwezi kuonekana chote kwa ukali uleule.

Nilipomsikiliza niliwakumbuka washairi wanaotaka kueleza kila kitu ndani ya ubeti mmoja. Kila neno kali, kila jambo limefafanuliwa, na shairi zima limesimama kama rafadha ile. Nadhani tungejifunza kwa wapiga picha hawa kuacha sehemu ya shairi izunguke bila kushikwa.

Turudi Masama. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, uko chini yetu, humuhumu wilayani Hai. Siku iliyo wazi, kabla mawingu hayajaushika mlima, mtu wa huku juu huweza kuifuata kwa macho ndege inayoshuka tambarare. Wengine duniani huinua shingo kutazama ndege. Sisi mara nyingine huiona mgongo. Hata hivyo watoto wengi wa vijiji hivi wanaijua kwa mbali tu. Hawajapata kusimama karibu na bawa wala kumwuliza fundi swali.

Katika nchi nyingine viwanja huwa na siku za wazi, ambapo ndege kongwe hupangwa uwanjani, familia huzizunguka, na wapiga picha hujipanga mapema kwenye uzio wakisubiri mwanga. Jirani zetu wa Nairobi wana klabu ya wanaanga iliyoundwa mwaka 1927, na mwaka 2022 walifanya maonesho makubwa ya ndege katika Bustani za Uhuru. Mwaka 2016, msafara wa ndege za mabawa pacha ulitoka kisiwa cha Krete hadi Cape Town kwa kupitia Afrika Mashariki. Huko Gambela, Ethiopia, marubani walizuiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Habari zake tulizisoma zaidi kwa Kiingereza. Sijakutana na shairi la Kiswahili juu yake, nami najihesabu miongoni mwa waliokaa kimya.

Natamani siku moja ya namna hiyo ifanyike hapa kwetu, kwa ruhusa na utaratibu unaostahili, maana kiwanja cha ndege si uwanja wa mpira na usalama una masharti yake. Lakini siisubiri. Mkoani kwetu bado wako wazee waliosafiri kwa ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977. Bado ziko picha zao, zimekunjamana ndani ya Biblia na masanduku ya bati: kijana wa suti amesimama mbele ya ngazi ya ndege, nyuma yake rafadha. Mzee akiondoka, jina la mahali huondoka naye, na picha hubaki na watu wasiojulikana.

Ombi langu kwenu, washairi na wapenzi wa lugha, ni dogo. Tafuta picha moja ya namna hiyo nyumbani kwenu. Muulize mwenyewe angali hai. Andika nyuma yake, kwa penseli na kwa Kiswahili, ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Ukiweza, ongeza ubeti. Mimi nimeanza na ile ya mpwa wangu. Neno “chakavu” amelifuta mwenyewe, na chini yake nimempa huu:

Ndege kongwe si chakavu, imebeba zetu enzi,
Picha tupu huwa kavu, isipopata utenzi,
Tusiwe nao uvivu, tuandike kwa mapenzi,
Kutu ikila kwa nguvu, hakibaki cha kuenzi.

Aliusoma mara mbili, akacheka, akasema mizani imetimia lakini picha yake ni nzuri kuliko shairi langu. Sikubishana naye. Alikuwa amesema kweli, na tayari alikuwa akitafuta kalamu aandike jina la ile ya pili.