Nembo ya Mtaa: Ngome Ina Wenyewe, Baraza ni Yetu

Chama cha wakaazi wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kinatafuta nembo. Vikao vitatu vimekwisha kukaliwa, kahawa imenywewa madele kwa madele, na nembo haijapatikana. Kwa kuwa nami ni mjumbe wa kamati, na kwa kuwa maneno yangu katika kikao cha mwisho yalikatizwa na adhana ya Isha, naomba niyamalize hapa mbele yenu, wasomaji.

Kijana tuliyempa kazi hiyo huchora kwa kompyuta, na mkono wake si haba. Alituletea michoro mitatu: Ngome ya Fort Jesus, jahazi lililotweka tanga, na aya ya Qurani iliyoandikwa kwa khati ikazungushwa mfano wa kuba la msikiti. Yote mizuri, na yote mitatu naikataa.

Nianze na Ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili waushike mji na bahari yake. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Sisemi tuionee haya. Ni historia yetu, na damu ya wazee wetu imo. Lakini Ngome ina wenyewe wa kuisemea. Chama chetu hakikuundwa kulinda mizinga. Kiliundwa kwa sababu mitaro imeziba, nyumba za mawe zinapasuka, na wenye nyumba wanauza mmoja mmoja na kuhamia bara ya pili. Barua yetu ikifika serikali ya kaunti ina picha ya Ngome juu yake, karani atadhani imetoka makumbusho.

Jahazi nalo lina haki yake. Bandari ya kale ilijaa majahazi yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Lakini jahazi sasa limechorwa kwenye kila hoteli, kila fulana ya watalii na kila kijisanduku cha ukumbusho. Alama iliyokwisha kuwa ya kila mtu haiwezi kumtambulisha mtu.

Sasa nifike kwenye aya, na hapa ndipo penye uzito. Mjumbe aliyeipendekeza ni maalim wetu tunayemheshimu, na nia yake ni njema. Alisema wazee walichonga aya juu ya vizingiti vya milango, basi kwa nini sisi tusifanye hivyo? Maalim, kwa heshima yako, aya ya kizingitini iko juu ya vichwa vya watu, na haishuki. Nembo haikai mahali pamoja. Itapigwa kwenye risiti ya shilingi hamsini, kwenye bahasha, kwenye tangazo la kusafisha mitaro litakalonyeshewa na mvua likaanguka mtaroni humo humo. Kijana atavaa fulana yenye nembo aingie nayo chooni. Nani kati yetu atazunguka vichochoroni kuokota kila karatasi? Tusijitwike amana tusiyoweza kuitunza.

Wanaotaka khati wasikate tamaa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa hapa hapa Mombasa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ni Kiswahili kitupu. Tuandike jina la mtaa wetu kwa herufi hizo, na chini yake kwa herufi za Kirumi. Jina la mtaa likianguka chini ni hasara ya karatasi tu.

Pendekezo langu basi ni baraza: mlango wa nakshi katikati, na baraza ya mawe kila upande. Barazani ndipo wagomvi walipopatanishwa, posa zikajadiliwa na habari za msiba zikapokelewa. Haina kiingilio. Tajiri na mchukuzi hukaa bega kwa bega.

Mwenyekiti alinipinga kwamba mgeni hataitambua. Nami namjibu kuwa mgeni asipoitambua atauliza, na kuuliza si ujinga. Aliyenishinda hasa ni mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Alisema: "Mwanangu, hiyo baraza mwakaa nyinyi wanaume. Sisi tunaotoa ada kila mwezi mwatuweka wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Akaniambia, "Basi mlango usiufunge." Tangu siku hiyo mchoro wangu una ubao mmoja uliofunguliwa, na naona umekuwa bora kuliko nilioufikiri mwenyewe.

Kwa fundi nina neno moja. Usituchoree kila ua na kila njumu. Punguza mchoro uwe sawa na ukucha wa kidole gumba, uupige kwa muhuri wa mpira na wino mmoja. Ukigeuka doa, haufai. Mistari michache inatosha: miimo miwili, kizingiti, mfaa, na baraza.

Lipo jambo jingine ambalo sikupata wasaa wa kulisema. Katika kichochoro chetu kuna nyumba ambayo mlango wake wa nakshi uling'olewa ukauzwa, na mahali pake pakatiwa geti la chuma. Mwenyewe simlaumu, alikuwa na mgonjwa, na sisi majirani tulipata habari mlango ulipokwisha kupakiwa garini. Lakini itakuwa dhihaka tukibeba picha ya mlango kwenye barua huku milango yenyewe ikiondoka. Nataka kamati ikipitisha nembo hii ipitishe na azimio pamoja nayo: kwamba aliyepatwa na shida aje kwa chama kwanza, kabla ya kumwita mnunuzi, na chama kitenge fungu la ada kwa ajili hiyo. Bila azimio hilo, afadhali tuchore jahazi tu.

Kikao ni Jumamosi baada ya Isha. Mwenye mchoro ulio bora kuliko wangu na aje nao. Na mwenye shida inayomfanya autazame mlango wake kama fedha, naye aje, tuzungumze mapema.