Wapelekeni Mbwa Hao Soko la Tala

Swali la kwanza langoni huwa ni lile lile: "Mna Jamani shepadi?" Jibu lisipopendeza, linafuata la pili: "Basi mna kadogo, kadume?"

Mimi ni mstaafu wa idara ya mifugo. Jumamosi zangu nyingi huzimalizia katika kituo kimoja cha kuokoa wanyama pembezoni mwa Nairobi, nikichanja, nikitoa kupe na kuosha vidonda. Wageni nimewazoea kiasi kwamba najua watakachouliza kabla hawajashuka kwenye Probox. Jamani shepadi huwa hayupo. Vijibwa vikiwapo, huondoka kabla ya saa sita mchana. Wanaobaki ni wale wale wa juzi na jana: jike mweusi aliyekomaa, koko wa rangi ya udongo aliyekatwa mguu mmoja wa nyuma baada ya kugongwa na matatu, na mzee mmoja mwenye mvi mdomoni ambaye wenyewe walimwacha walipohamia ghorofani. Na kila kibanda kinachokaliwa mwaka mzima na mbwa asiye na mteja ni kibanda kimoja asichopata yule anayeletwa leo akiwa amefungwa kamba ya waya shingoni.

Wenzangu vijana huwatafutia wenyewe kwa kuwapiga picha macho yakiwa yamelegea, kisha huandika maneno ya kuliza. Nia ni njema, ila sioni kama inafaa kwetu. Mkenya wa kawaida anayetafuta mbwa hatafuti wa kumhurumia. Anatafuta wa kubweka usiku. Mimi sioni ubaya wowote hapo, maana mbwa na binadamu walianza kuishi pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi kwa mwenzake. Tatizo ni kwamba watu hawajaambiwa ya kuwa, kwa kazi hiyo, hawa waliokataliwa ndio bora.

Chukua kijibwa. Kinahitaji sindano mfululizo kuanzia wiki ya 6 hadi ya 16 hivi, na ukiruka moja, ugonjwa wa parvo unakusubiri. Wale wanaouzwa kando ya barabara kwenye maboksi, mnunuzi huapiwa kwamba wamechanjwa. Wiki moja baadaye ananipigia simu kwamba mbwa anaharisha damu. Mara nyingi nikifika huwa nimechelewa. Mbwa mzima aliyekaa kituoni tunamfahamu kabisa. Tunajua kimo chake kimeishia wapi, anawavumilia watoto au la, na kama anafukuza kuku. Hilo la kuku halimo katika fomu yoyote niliyowahi kuiona, na ndilo swali la kwanza la kila mama mwenye boma.

Jike naye hukataliwa kwa hofu ya uzazi. Ni hofu ya haki, kwani mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na wakati wa joto madume ya kijiji kizima hulala mlangoni pako. Lakini jike wa kituoni huwa amekwisha kufungwa kizazi. Siku hizi siwaelezi watu kwa maneno. Namlaza chali, nawaonyesha kovu tumboni. Wengi hushangaa, wanaligusa kwa kidole, kisha wanamtazama upya kama mbwa na si kama shehena ya watoto. Isitoshe, jike hatoroki ovyo kama dume asiyehasiwa.

Kuhusu weusi, kuna wanaoona mkosi na kuna wanaolalamika kwamba hawatoki vizuri kwenye picha. Waulizeni walinzi wa usiku. Mbwa mweusi mwizi humsikia kabla ya kumwona, na akishamsikia huwa amechelewa.

Wengine hukimbiwa kwa sababu ya ugonjwa ambao unatisha macho kuliko unavyoua. Koko wengi wa mitaani huja na uvimbe mwekundu wa sehemu za siri, unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana wakipandana. Mgeni akiuona hugeuka na kurudi garini. Dawa yake ipo, inaitwa vinkristini, huchomwa mara moja kwa wiki kwa muda wa mwezi mmoja au mwezi na nusu, na wengi hupona kabisa. Nadhani ingefaa kwenye kibanda kuning'inizwe tarehe ya sindano ya mwisho kuliko jina la kubuni na alama ya moyo.

(Na hao wanaodharau koko kwa kukosa asili, wakumbuke basenji. Alikuwa mbwa wa vijijini Kongo, wa kuwinda, asiyebweka kama wenzake. Miaka ya 1930 alipelekwa Uingereza, akaonyeshwa kwenye mashindano ya Crufts, na leo anauzwa kwa vyeti.)

Sasa nifike ninapogombana na wenzangu. Vituo vingi, kabla ya kukupa mbwa, hutaka ukuta, geti, picha ya mahali atakapolala, na kama umepanga, barua ya landilodi. Sababu naielewa: mnyama ameteswa mara moja, hakuna anayetaka ateswe tena, na mbwa asiye na ua hugongwa barabarani. Ila fomu hiyo ina nyumba fulani kichwani. Kazi ya kulinda wanyama hapa Kenya ina historia ndefu, KSPCA yenyewe, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ina mizizi ya tangu 1910, enzi za walowezi, na naona picha ya nyumba njema ya mbwa tuliirithi pamoja na bustani zao. Leo nyumba zenye ukuta na geti ndizo ninazozijua sana kwa sababu huitwa kuchanja huko. Mbwa amefungiwa kizimba cha mabati tangu alfajiri, hufunguliwa saa tatu usiku, anatupiwa ugali na dada wa kazi anayemwogopa. Wako niliowachoma sindano kupitia kwenye waya kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe hathubutu kuingia. Fomu ingempa nyumba hiyo alama zote.

Yule wa miguu mitatu hatimaye alichukuliwa na mzee mmoja wa Kangundo aliyekuwa amemsindikiza mwanawe kuja kutafuta Jamani shepadi. Mwana alizunguka vibanda akipiga picha. Mzee alikalia mtungi wa plastiki uliopinduliwa, akaanza kuniuliza bei ya mbuzi Kitengela. Hakumwita mbwa wala hakumpigia mluzi. Tulifika kwenye habari za tumbili wanaomaliza mahindi ndipo yule koko alipochechemea, akanusa gambuti zake moja baada ya nyingine, akalala juu ya ile ya kushoto.

"Tunaenda na huyu," mzee akasema.

"Mzee, ana miguu mitatu."

"Sasa daktari, mwizi ataihesabu usiku?"

Msimamizi wa kituo alikataa kwanza, kwa kuwa ua wa mzee ni mkonge na michongoma, na geti ni miti miwili ya kukingamisha. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: badala ya ukuta, mzee aandike kwamba hatamfunga nyororo mchana kutwa, atamchanja kila mwaka, na atapokea mgeni wa kituo bila taarifa. Mimi ndiye mgeni huyo. Nikienda humkuta mbwa shambani pamoja na watu, akiwa na kazi tangu asubuhi.

Sisemi kila boma lisilo na ukuta linafaa. La kando ya barabara kuu halifai, nami ningekuwa wa kwanza kukataa. Nasema tuulize mbwa atakuwa na nani mchana, kuliko kuuliza ukuta una futi ngapi.

Paka sitakaa nao sana. Mwenye chongo au mkia uliokatika akikosa mtu Nairobi, nina hakika Lamu au Mji wa Kale Mombasa wasingemwona kioja. Mbwa ndiye mwenye shida, na kwa jirani zetu Waislamu wasiopenda mate yake yaguse nguo ya swala, tusiwalazimishe. Pana Wakenya wa kutosha wanaomhitaji uani.

Tena jambo hili si la huruma peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kumaliza vifo hivyo. Mtu akikosa mbwa kituoni hakai bila mbwa. Huchukua kitoto kwa jirani, bila chanjo wala kuhasiwa, na mwaka ujao vitoto vingine vimejaa kijijini. Anayetoka kituoni huja na kadi yake mkononi.

Basi pendekezo langu kwa vituo na kwa serikali za kaunti ni hili. Septemba 28 huadhimishwa kuwa siku ya kichaa cha mbwa duniani, na katika majuma hayo maafisa wa mifugo hutoka kuchanja bure. Wakati huo wapakieni wale wazima, weusi, majike na vilema kwenye pikapu, watulivu kwanza, muwapeleke Tala, huko huko upande wa Kangundo, siku ya soko, kando ya meza ya chanjo. Waliokuja na mbwa wao kwa kamba ndio wanaojua kufuga. Awepo mtu wa kuandika majina na vijiji, asitoe mbwa siku hiyo hiyo. Wiki inayofuata aende aone boma, amkute mama mwenyewe, ajibu habari ya kuku. Petroli ya safari hiyo nitachangia.